Tulivyozisugua sarafu za mfalme wa Wareno kwa ndimu na majivu (Maskati, 1966)

Wakuu, asalaam aleykum, na wasioitikia salamu hiyo habari za huko mliko.

Mimi humu ndani ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Naingia, nacheka, natoka. Lakini juzi nimekuta uzi wa kijana aliyeokota sarafu ya zamani shambani kwao, anauliza aisafishe kwa nini ili ing'ae. Mkamjibu dawa ya meno. Mwingine magadi. Wa tatu akasema ndimu na majivu.

Nilipofika kwenye ndimu na majivu nikaiweka simu chini.

Kijana, usiiguse. Iache na uchafu wake. Sababu naieleza hapa, na yote haya yamenikuta mwenyewe. Umri wangu si wa kutunga stori ili nipate laiki. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka zake apite salama.

Tulifika Maskati mwaka 1964, mimi na Mama na masanduku mawili. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Baba hakufika. Tulitengana naye Unguja kwenye vurumai, sisi tukapanda meli, yeye akaangukia Mombasa. Mambo ya mwaka ule mnayajua, siyafungui hapa, kila mtu ana kidonda chake.

Baba alikuwa mwalimu. Mombasa alipata watoto wa kuwafundisha hesabu, akapanga chumba, akawa anasubiri ruhusa ya kuingia Omani.

Nyinyi wa leo mnatua asubuhi, jioni mko sokoni Mawaleh mnachagua maembe, hamuwezi kuelewa. Enzi zile kuingia kulitaka ruhusa, na ruhusa yenyewe haikuwa fomu ya kujaza dirishani. Ilitaka mtu akusemee kwa mtu.

Aliyetupokea ni Ami Khalfan, mdogo wake Baba, baba mmoja mama mmoja. Alikuwa karani forodhani. Nyumba yake ilikuwa ndani ya ukuta wa mji, chini ya ngome ile waliyoiacha Wareno. Utoto wake aliumaliza Unguja, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu kabisa. Mkewe, Bi Zuwena, alijua maneno mawili tu ya Kiswahili, "karibu" na "chumvi", na kwa hayo mawili tuliishi naye kwa wema sana.

Ami alikuwa mtu mkarimu, Mungu amrehemu. Ila alikuwa na tabia moja: hakuomba. Hakumwomba mtu kitu chochote. Akitaka kahawa analitazama dele mpaka mwenye akili ammiminie.

Sasa, pale mjini kulikuwa na barza ya wali, yaani gavana wa mji. Wali anakaa, watu wanakaa, mwenye haja yake anasimama anaisema mbele ya wote na anajibiwa palepale. Mama alimuuliza Ami mara nyingi kwa nini asende huko kumsemea Baba.

"Shemegi," Ami anajibu, "neno likikataliwa barzani limekataliwa. Hakuna wa kumwendea tena. Na mimi kuingia kwa wakubwa hivihivi siwezi. Mkono mtupu haulambwi."

Basi tukawa tunasubiri Ami apate cha kushika mkononi. Mwaka ukapita, ukaingia wa pili.

Ndipo ikaja barua ya Baba. Aliandika kwamba amechoka kulala kwenye chumba cha watu. Rafiki yake amemwita Kongo, kuna biashara ya nguo huko. Akikosa jibu mpaka baada ya mfungo, atakwenda.

Mama aliisoma ile barua mara tatu, kisha akaikunja akaiweka chini ya mto. Hakulia. Aliniambia tu, "Raya, mtu akishafika Kongo basi tena." Tulikuwa na kama miezi minne.

Nimetoka kuswali, naendelea.

Ami aliamua kutuongezea chumba. Tulikuwa tunalala ghalani pamoja na mitungi ya tende, na Mama alishaanza kukohoa kwa vumbi. Akaleta mchimbaji, Mbulushi mmoja mpole, achimbe msingi nyuma ya nyumba.

Siku ya pili yule mchimbaji akatoa chungu kidogo, kimevunjika mdomo. Ndani mna vitu vya kijani na vyeusi vimegandamana. Bi Zuwena akavitazama kwa mbali, akasoma dua, akaingia ndani. Kwake yeye chochote kilichozikwa kina mwenyewe, na mwenyewe si mtu.

Ami akavibandua kimoja kimoja kwa kisu. Zilikuwa sarafu za shaba, ndogo, nyembamba, arubaini kasoro mbili. Nyingi hazikuonesha kitu. Mbili tu zilikuwa na picha ya kuonekana: upande mmoja ngome ya minara mitatu na chini yake mawimbi, upande wa pili ngao.

Kuna ndugu atauliza mbona hatukuona dhahabu. Ndugu, nasi tuliitafuta sana. Mchimbaji alichimba hadi pasipotakiwa msingi.

Sasa hapa ndipo Ami alipoona mlango. Kulikuwa na Mwingereza mmoja aliyefanya kazi serikalini, akipita forodhani mara kwa mara. Ugonjwa wake ulikuwa vitu vya kale. Akiona kigae cha mtungi anachutama. Ami akamweleza habari za chungu, na yule bwana akasema atakuja mwenyewe kuziona, Alkhamisi baada ya alasiri.

Ami alirudi nyumbani siku hiyo anatembea kama bwana harusi. Akatuita mimi na Mama.

"Mgeni anakuja Alkhamisi kuziangalia zile sarafu. Mtu mkubwa. Akizipenda ntampa zote, zawadi. Halafu neno la kaka ntalitia hapohapo, kwenye kahawa."

Akaziweka kwenye bakuli, akalifunika kitambaa, akenda zake kazini.

Wakuu, kuna jambo yule Mwingereza alimwambia Ami na Ami hakutuambia sisi. Alimwambia zisiguswe. Ami aliona ni maneno ya kawaida tu, nani ataigusa takataka ya kijani.

Hakuwajua vizuri watu wa Unguja.

Mnaojua nyumba zetu za zamani mnajua habari ya shaba. Masinia, madele, mabirika, vitasa vya milango, kila kitu kinasuguliwa. Ikikaribia Idi mwanamke anaonwa kwa sinia lake. Mama yangu alitoka Unguja akaacha nyumba na vyote vilivyomo, lakini mkono wake wa kusugua alikuja nao. Na sisi mgeni hatumpi kitu kichafu. Hata maji, kikombe kinafutwa mbele yake.

Jumatano Bi Zuwena alikwenda Matrah kwenye msiba wa jamaa zake. Angekuwepo asingetuacha hata tulifunue lile bakuli, kwa ajili ya hao wenyewe wa chini ya ardhi. Tulibaki mimi na Mama.

Mama akafunua kitambaa. Akatazama.

"Hivi ndivyo atakavyooneshwa mgeni wa ami yako?"

Nilikwenda kuchukua ndimu.

Tulikata ndimu sita. Majivu ya jikoni tukayachekecha, tukatia na mchanga laini. Hatukuwa na makumbi ya nazi, tukatumia nyuzi za mtende. Tukakaa uani tangu saa tatu asubuhi mpaka adhuhuri, tunasugua, tunasuuza, tunasugua tena. Vidole vilituwasha. Mama aliimba, na nilikuwa sijamsikia akiimba tangu tufike Omani. Alikuwa ananiambia Baba akija tutampikia nini, siku ya kwanza nini, ya pili nini.

Zikang'aa, wakuu. Thelathini na nane nyekundu, zinameremeta juani. Mama akazipanga kwenye sinia dogo juu ya kitambaa cheupe alichokitarizi mwenyewe, akazifunika kwa kingine. Niligundua wakati ule kwamba ngome sizioni tena vizuri, na mawimbi hayapo. Nikajipa moyo kwamba ni macho yangu yamechoka na jua.

Ami alirudi jioni akaenda moja kwa moja kulala na homa ndogo. Hakuliona sinia mpaka Alkhamisi, mgeni alipokwisha kaa.

Aliniita nifasiri, maana Kiingereza cha Ami kilikuwa cha magunia na makasha. Nikakaa karibu na mlango nimejifunika vizuri. Mama alikuwa nyuma ya pazia, nikimsikia anavyopumua.

Mwingereza alikuwa mzee mwembamba. Alitoa miwani, akatoa na lenzi ndogo mfukoni. Ami akaliweka sinia mbele yake, akaondoa kitambaa cha juu.

Niliona uso wa Ami kwanza. Kisha nikaona wa mgeni.

Yule bwana alichukua moja, akaigeuza. Akachukua nyingine. Akachukua ya tatu. Alipofika kama ya kumi, akaikunja lenzi yake.

Akauliza kwa Kiingereza, "Nani amefanya hivi?"

Ami akanitazama. "Anasemaje?"

"Anauliza nani kazisugua."

Nikamjibu mgeni mimi mwenyewe. Nikasema ni mimi, kwa sababu kwetu mgeni hapewi kitu kichafu. Mama sikumtaja.

Hakunigombeza, na laiti angenigombeza. Aliniuliza kwa upole kama nakumbuka zilikuwa na nini kabla. Nikamweleza ngome ya minara mitatu, mawimbi, ngao. Akawa anatikisa kichwa taratibu, kila ninachotaja ni kama namtonesha.

Akanieleza kwamba zilikuwa za mfalme wa Wareno, za miaka mia nne hivi. Ni sarafu ndogo kuliko zote alizopiga mfalme yule, sarafu ya mkate na mboga. Jina lake alinitajia, nimelisahau. Akasema za dhahabu watu walizificha, kwa hiyo zipo nyingi mpaka leo. Hizi za kimaskini hakuna aliyezijali, zikaliwa na ardhi, na sasa kuzipata zenye picha ni shida. Zikishasuguliwa ni vipande vya shaba tu.

Nilimfasiria Ami yote hayo. Sikupunguza neno.

Mgeni akanywa kahawa vikombe viwili, akala halua kidogo kwa adabu, akaaga. Sarafu hata moja hakuchukua. Neno la Baba halikutiwa. Ami atalitiaje, na mkononi hana kitu?

Aliyesema hapo juu "bibi mlikuwa washamba", nimekusoma. Ni kweli mwanangu. Lakini washamba wasafi.

Ami hakututukana. Angetutukana tukalia yakaisha. Alinyamaza. Siku nyingi alikuwa akirudi kazini anapitiliza chumbani, kahawa anapelekewa na mkewe. Bi Zuwena alikuwa ananipapasa mgongoni akipita, maana hata maneno ya kunipoza hana.

Usiku haukunipa usingizi, mchana haukunipa kazi. Mama alikaa kwenye ngazi ya uani akitazama mikono yake. Siku moja akasema, si kwangu, kwa mikono, "Mume wangu nimemzuia kwa ndimu sita."

Hilo neno liliniuma, na mpaka leo linaniuma.

Nikachukua daftari. Nilikuwa nimesoma Unguja mpaka darasa la kumi na Kiingereza changu kilikuwa kinasimama. Nikamwandikia yule bwana barua. Haikuwa ndefu. Nilisema tumekosea, tumeharibu kitu kisichorudi, tulidhani tunamheshimu. Nikasema hatuna kingine cha kumpa. Kisha nikasema baba yangu yuko Mombasa miaka miwili, mkewe yuko hapa, na kama kuna mtu anayeweza kumsikiliza, tunaomba asikilizwe.

Nikampelekea Ami. Aliitazama ile karatasi bila kuishika.

"Umeandika nini?"

Nikamsomea kwa Kiswahili, mstari kwa mstari.

"Umemwambia tumekosea?"

"Ndio, Ami."

"Hukumpa sababu nyingine? Hukusema ni mtumishi?"

"Hatuna mtumishi, Ami."

Akaitazama tena ile karatasi. "Na umeomba."

"Nimeomba. Mara moja tu."

Akaichukua, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni mwa kanzu, dishdasha yake. Hakusema atafanya nini nayo. Nikajua ataipeleka, maana alimwomba Mama siku ileile kikombe cha maji. Alikiomba kwa mdomo wake, tukatazamana mimi na Mama.

Siku zikapita. Kila akirudi namtazama usoni, hapana kitu. Mfungo ukaandama. Nikaanza kuhesabu siku za Kongo.

Mfungo ulikuwa kama umefika nusu, Ami alirudi adhuhuri, saa ambayo si yake. Akasimama uani na viatu vyake, akasema, "Raya, mwandikie baba yako. Mwambie afunge mizigo."

Mama alikuwa anapepeta mchele. Aliuweka ungo chini pole pole, hata punje haikumwagika, kisha ndiyo akalia. Miaka miwili yote aliyokuwa hakulia aliitoa siku hiyo. Bi Zuwena naye akalia kumsaidia, wala hajaambiwa ni nini.

Baba alifika baada ya Idi kubwa, kwa meli, amezungukia Bombay. Amekonda, kichwa kimejaa mvi, koti ni lile lile. Sisimulii alivyoingia mlangoni kwa sababu nikisimulia hili siandiki tena leo.

Nasimulia chakula cha mchana cha siku ya pili.

Tulikuwa tumekula. Wanaume wako upande wao, sisi tuko karibu, nyumba ndogo kila mtu anasikia. Nikaona ni wakati mzuri, nikasema inafaa nimwandikie yule Mwingereza barua ya shukrani.

Ami akasafisha koo.

"Ile barua yako, binti yangu, sikuipeleka."

Baba akaweka kikombe chake chini.

"Nilikaa nayo mfukoni mpaka mfungo ukafika nusu. Kila nikimwona yule bwana forodhani naigusa, naiacha. Asubuhi moja haya zikanishika. Nikasema, mtoto wa kike kaandika tumekosea, kaandika tunaomba, kwa mkono wake na jina lake. Mimi mwanamme mwenye ndevu nnajificha nyuma ya karatasi yake. Nikenda barzani."

Baba akamuuliza, "Umeshika nini?"

"Sikushika kitu."

"Ukasema nini?"

"Nikasema yaleyale aliyoyaandika Raya. Ndugu yangu mkubwa yuko Mombasa, mkewe na mtoto wake wako kwangu, sina nilichokuja nacho, naomba aruhusiwe. Nikakaa chini."

"Na wali akakwambiaje?"

Ami akavuta ndevu zake.

"Akaniuliza, 'Khalfan, miaka miwili hii ulikuwa wapi?'"

Wakuu, hakuna aliyecheka pale na hakuna aliyelia. Baba alimshika mdogo wake mkono, wakakaa hivyo mpaka adhana.

Baba aliishi Maskati miaka mingine kumi na tisa. Ilipofika 1970 akaingia sultani mpya, mambo yakafunguka, shule zikataka walimu, akawa mmoja wao, na mimi pia. Nimefundisha mpaka nikastaafu. Sasa nakaa Ghubra, hapahapa Maskati, wajukuu wananisumbua, Alhamdulillahi.

Somo nililolipata? Nilikuwa nadhani ni kutosugua sarafu. Hilo nalo lipo, lishikeni. Lakini kubwa ni kwamba mlango tuliokuwa tunautafutia ufunguo miaka miwili ulikuwa wazi, na yupo mtu aliyekuwa anashangaa mbona hatuingii. Sisemi kila anayeomba hupewa. Wapo waliosimama barzani wakarudi kama walivyokwenda. Nasema tu kwamba Baba alikuwa karibu kupotelea Kongo kwa sababu ya neno ambalo hakuna aliyelitamka.

Kwa hiyo sitaki mnijazie hapa pole na hongera. Nataka kila mmoja aseme, yuko nani ambaye hujamwendea, na una miaka mingapi unatafuta cha kushika mkononi.

Anayeona haya kuliandika hapa asiliandike. Akalisemee kulekule linakotakiwa, kesho asubuhi.